Jinsi Pazi Majaliwa Alivyoipata Khairiya

Pazi Majaliwa hakuiba meli. Hakuipata kwa uchawi, hakuizika kwenye tope makusudi ili mwenyewe akate tamaa, na hakumlaghai mtoto wa mtu. Wanaosema hivyo wengi wao hawajawahi kukanyaga kijijini Mlingotini. Wameona video ya nusu dakika kwenye simu, mwanamume aliyejifunga taulo kichwani anapiga kelele, "Mwizi huyo! Kaiba meli mchana kweupe! Mshikeni!" na wakaamini. Mwanamume yule anaitwa Mgeni, wa kijiji jirani cha Zinga, mtoto wa shangazi yake Pazi. Ni binamu yake, na binamu ni mtani. Mtani anaweza kuja msibani kwako akavaa kofia ya marehemu na kulalamika kwamba inambana, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa hayo. Lakini video haisemi nani ni mtoto wa shangazi ya nani, na ilipofika kwa wasiojua utani, mzaha ukageuka ushahidi.

Sasa yasemwe yaliyotokea.

Meli yenyewe ina umri mkubwa kuliko wengi wanaoisema. Ni meli ya matanga, milingoti miwili, mwili wote wa chuma. Ilijengwa kaskazini mwa Ulaya, katika nchi ya baridi, kwa kazi ya uvuvi, na jina lake la kwanza lilikuwa Margrethe. Baada ya samaki ikabeba nafaka na mbao. Kisha ikanunuliwa na Mjerumani mmoja na mkewe, wakatengeneza vyumba vya kulala mahali palipokuwa pakiwekwa samaki, wakaibandika jina la Albatros na kuileta mpaka Unguja kutembeza watalii. Majina hayo hayajapotea. Katika meli ya chuma jina linachomelewa herufi moja moja, na hata likisuguliwa na kupakwa rangi mara ngapi, jua likipiga kwa upande unayasoma yote, moja juu ya jingine, kama makovu ya chanjo kwenye bega la mtu mzima.

Pazi alipanda meli hiyo ikiwa Albatros. Alikuwa mtoto wa mvuvi wa Mlingotini, amemaliza darasa la saba na kukaa baharini miaka mingi katika vyombo vya watu. Wajerumani walimchukua kama baharia wa kawaida, na haukupita muda wakamfanya serahangi, msimamizi wa mabaharia wenzake. Mkewe, Sabiha, alikuwa akifundisha sekondari Bagamoyo mjini. Kila Pazi aliporudi likizo alimsimulia habari za chuma: chuma kinavyotoa jasho alfajiri, kinavyolia kikipigwa nyundo mahali kilipooza. Sabiha alizoea kumwambia, "Baba Adila, wenzako wanarudi na habari za watu, wewe unarudi na habari za kutu."

Mwaka wa korona watalii walikatika. Wajerumani walipanda ndege wakarudi kwao, mabaharia wakatawanyika, na Pazi akaachwa peke yake alinde meli mpaka ipate mnunuzi. Wengine katika hali ile wangeuza kamba, betri na sufuria za jikoni. Yeye alikwangua kutu kila asubuhi na kupaka rangi iliyobaki kwenye makopo, kidogo kidogo, upande wa kulia kisha wa kushoto. Rangi nyeupe ilipokwisha alipaka ya kijani. Aliyekuja kuitazama alikuwa Mzee Nasser, mfanyabiashara wa Bagamoyo, ambaye babu zake walitoka Omani na ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kutaka kuishi kokote ila Bagamoyo. Alizunguka meli yote, akasimama pale nyeupe ilipokutana na kijani.

"Nani kakwambia upake rangi?"

"Hakuna aliyeniambia, Mzee."

"Basi kwa nini umepaka?"

"Chuma hakiulizi kama mwenyewe yupo."

Mzee Nasser akacheka mpaka akashika ukingo wa meli. Akainunua, akaipa jina la mama yake, Khairiya, na akamwambia Pazi kwamba tangu siku ile yeye ndiye nahodha. Mtoto wa mvuvi wa Mlingotini, nahodha wa meli ya chuma yenye milingoti miwili. Jambo hilo liliwauma baadhi ya watu, na yafaa lijulikane, kwa sababu maneno mengine yaliyofuata yalianzia hapo, kabla ya tope na kabla ya video.

Khairiya ilifanya kazi. Ilipeleka saruji na mabati Unguja, ikarudi na karafuu na samani; ilikwenda Pangani, ilikwenda Mafia. Upepo ukiwa mzuri mashine ilizimwa, matanga yakafanya kazi peke yake. Halafu Mzee Nasser akafariki ghafla, na meli ikamwangukia mwanawe Ziyad, kijana mwenye duka la vipuri vya magari Dar es Salaam. Ziyad alikuwa mtu wa heshima, ila bahari haikuwa kazi yake. Alimwambia Pazi aendelee kama zamani, na Pazi akaendelea. Hapo ndipo alipokosea.

Watu wa Mlingotini wana namna yao ya kusafisha chombo. Husubiri bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, wakakipandisha juu kabisa karibu na mikoko. Maji yakiondoka chombo kinabaki pakavu. Siku za maji mafu zinazofuata, bahari isipofika pale, mafundi wanakwangua chaza, wanaziba, wanapaka mafuta bila haraka. Bamvua linalofuata linakuja kukichukua. Babu yake Pazi alifanya hivyo, baba yake alifanya hivyo, na Pazi alifanya hivyohivyo kwa Khairiya. Lakini vyombo vya babu yake vilikuwa vya mbao, na vikitolewa mawe yaliyomo ndani huwa vyepesi. Uzito wa chini wa Khairiya ulikuwa saruji iliyomiminwa na kuganda tangu huko kwao, na mkuku wake, ule uti wa chini wa meli, ulikuwa mrefu na mwembamba kama kisu. Siku zile za maji mafu uliingia kwenye tope pole pole. Bamvua lilipokuja, likaja dogo kuliko lile la kwanza. Maji yakazunguka meli, yakaigusa, yakaondoka. Meli haikutikisika.

Pazi hakutafuta wa kumlaumu. Siku hiyohiyo alimpigia simu Ziyad. "Nimeipandisha kama jahazi. Kosa ni langu, si la mwingine."

Ziyad akaja na wajomba zake. Akaleta katapila, nalo likashuka ufukweni kwa kishindo, likapiga hatua chache kwenye tope na kuzama mpaka kwenye mlango wa dereva. Ikabidi litafutwe katapila la pili kuja kulivuta la kwanza. Watu walikaa chini ya mikoko kutazama kama wanaotazama mpira. Mgeni alitoka Zinga kwa bodaboda kwa ajili hiyo tu.

"Binamu!" aliita kutoka mbali. "Nasikia siku hizi unalima meli! Zikiota nitunzie mche mmoja nikapande Zinga!"

"Wewe hata mchicha umekushinda," Pazi akamjibu.

"Mchicha wangu angalau unaelea kwenye mchuzi, Nahodha wa Nchi Kavu!"

Watu wakacheka, na Pazi akacheka nao. Lakini alipofika nyumbani alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake vya tope miguuni, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Wajomba wa Ziyad walikuwa wamesema mbele ya watu kwamba nahodha ameizika meli kwa makusudi, na Ziyad alikuwa ameshazungumza na wanunuzi wa vyuma chakavu. Wangekuja na mitungi ya gesi kuikata vipande palepale ilipo.

"Wakiikata pale," alimwambia mkewe, "nitapita mbele ya lile shimo maisha yangu yote. Na Adila atapita. Watasema, hapa ndipo baba yake alipoua meli ya watu."

Sabiha akamvua viatu. "Basi isikatwe," alisema.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Pazi alimfuata Ziyad mbele ya wote. Hakuomba meli. Aliomba muda tu, mpaka bamvua kubwa la mwezi ule. Ziyad alikuwa amechoka na tope, amechoka na wajomba, na joto lilikuwa kali.

"Mzee Pazi," alisema, "mimi nilishanawa mikono. Ukiitoa pale kabla hawa watu wa vyuma hawajaikata, ichukue iwe yako. Sitaki hata msumari wake."

Alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. Waliosikia wengi wako hai.

Mlingotini chombo hakishuliwi majini kwa vibarua. Watu huitwa. Na kuitwa kwenyewe kuna utaratibu: mwenye shughuli hutembea mwenyewe nyumba kwa nyumba, hatumi mtoto, hapigi simu, hatangazi kwa kipaza sauti. Anabisha hodi, anasema siku na saa, anaondoka bila kukaa. Aliyeitwa hivyo hapokei malipo. Anakuja, anashika kamba, anakula wali, anakwenda kwake. Lakini mtu mwenye kinyongo na mwitaji hashiki kamba mpaka wamepatana, na watu wake wote hukaa naye. Ziyad hakujua hayo, na hakuna wa kumlaumu. Alileta vibarua kutoka mjini, na wanakijiji wakaacha vibarua wavute.

Pazi alianza kutembea. Mlingotini yote, kisha Zinga. Kila nyumba walimwitikia, lakini kila nyumba waliuliza swali moja: "Kwa Mzee Abuu umeshafika?"

Mzee Abuu alikuwa na uzio wa kuvulia samaki, safu ndefu ya nguzo za mikoko zilizochomekwa baharini. Mwaka uliotangulia Khairiya iliingia kwa mawimbi makubwa, ikapita juu ya uzio ule na kuufagia wote. Mzee Nasser alilipa nguzo. Lakini Pazi, aliyeshika usukani, hakwenda kwa Abuu. Alidhani kwa kuwa mwenye meli amelipa, mambo yamekwisha. Tangu siku hiyo Abuu na wavuvi wake wote walikuwa wakimpita kimya.

Alimkuta anasuka mtego uwanjani kwake.

"Shikamoo, Mzee Abuu."

"Marahaba." Mzee hakuinua kichwa. "Umekuja kuniita kwenye kamba."

"Bado. Nimekuja kwa habari ya uzio kwanza."

"Uzio ulilipwa."

"Ulilipwa na Nasser. Mimi ndiye niliyeuvunja, na sikuja. Naomba radhi."

Abuu alisuka fundo, akalikaza, akasuka jingine. "Mwaka mzima," alisema. "Unajua mwaka mzima nimekuandalia maneno gani? Nimeyapanga vizuri kabisa. Sasa unakuja unaomba radhi kabla sijayasema, nitayapeleka wapi?"

"Yaseme, Mzee. Nitasimama hapa."

"Yameshapoa." Akaweka mtego chini. "Mtavuta wapi?"

"Mbele. Kamba kwenye gubeti, na nanga tumeshaipeleka maji mengi."

"Mtavuta mpaka kiyama. Nguzo yangu ikishikwa na tope mimi siivuti, naitikisa. Nashika huku juu, naipeleka huku, naipeleka kule, mpaka tope lenyewe lifungue mdomo. Wewe una nguzo mbili ndefu pale juu ya meli. Ni za kuanikia nguo?"

Pazi alikodoa macho. Halafu wote wawili wakaanza kucheka, Abuu mpaka akakohoa, na mkewe akatoka ndani kuuliza kama kuna mtu amepaliwa.

Siku ya bamvua kubwa maji yalitarajiwa kujaa alasiri. Asubuhi wanaume walichimba mfereji kutoka kwenye mkuku kuelekea baharini, na fundi wa kuchomelea kutoka Bagamoyo akapitia kila kiungo kilichochakaa ndani ya meli. Nyuma ya mikoko Sabiha na wanawake walipika. Alikuwa amemwambia mumewe, "Ukialika watu wa Mlingotini na Zinga, usitegemee mimi niwape uji," na hakuwapa uji. Pilau lilipikwa kwenye masufuria ambayo kila moja lilibebwa na wanaume wawili, na harufu yake iliwafikia hata wale waliokuwa hawajaamua kuja.

Watu wa vyuma chakavu nao walifika siku hiyohiyo, na mitungi yao ya gesi kwenye Fuso. Waliambiwa wasubiri. Wakatoa simu zao wakaanza kurekodi.

Kamba mbili zilifungwa juu kwenye milingoti, moja ikaelekea kulia, nyingine kushoto. Upande mmoja walishika watu wa Zinga, upande mwingine watu wa Mlingotini, maji kiunoni, wanaume mbele na wanawake nyuma. Mzee Abuu alisimama katikati na fimbo. Pazi alikuwa juu ya sitaha, mkono kwenye winchi ya nanga.

"Zinga!" Abuu aliita, na kamba ya Zinga ikakaza. Milingoti ikainama kidogo, ikarudi.

"Mlingotini!" Ikainama upande wa pili.

"Zinga hawajala nini?" Mgeni alipiga kelele kutoka kwenye kamba ya Zinga yenyewe. "Vuteni, nyie! Mnavuta kama mnamfunika mtoto shuka!"

"Zinga!"

"Mlingotini!"

Mtu akaanzisha wimbo, wanawake wakaupokea, na mvuto ukaingia ndani ya wimbo. Meli ikaanza kuyumba kama mtu anayeamshwa usingizini na hataki. Maji yalikuwa yamefika kifuani kwa watu wafupi. Bamvua lilibakiwa na muda mchache tu kabla ya kugeuka, na kila mtu alijua. Pazi alihisi miguuni kile alichokuwa akikisubiri: sitaha ikatetemeka, kisha chini kabisa tope likatoa sauti nzito, ndefu, kama ng'ombe anapovuta mguu wake kwenye matope ya mto.

"Limefungua mdomo!" Abuu akapiga yowe. "Pazi! Sasa!"

Pazi akageuza winchi. Mnyororo wa nanga ukakaza, ukalia, ukaanza kuingia. Khairiya ikalala upande wa Zinga, ikajikokota urefu wa mtu, ikasimama. Ikalala upande wa Mlingotini, ikajikokota tena. Ikateleza. Ikateleza moja kwa moja, gubeti mbele, ikiwavuta walioshika kamba mpaka wakaachia na kuanguka majini wakicheka. Na pale mbele ya mikoko, baada ya siku zote zile, ikanyanyuka, ikajiweka sawa juu ya maji na kusimama wima.

Vigelegele vilisikika mpaka barabara kuu. Watu walikumbatiana wakiwa wamelowa chapachapa. Mgeni, taulo kichwani, akakimbia ufukweni akimnyooshea Pazi kidole: "Mwizi huyo! Kaiba meli mchana kweupe! Mshikeni!" na kila mtu akaangua kicheko, isipokuwa wale wa kwenye Fuso, waliorekodi bila kuelewa.

Ziyad alikuwa amefika wakati meli inateleza. Mjomba wake mmoja alikuwa sikioni mwake, anasema haraka haraka. Meli iliyokwama ilikuwa chuma cha kilo. Meli inayoelea ni mali. Kicheko kikapungua. Wimbo ukaisha. Pazi akashuka kwa mtumbwi, akaja akasimama mbele ya kijana yule, maji yakimchuruzika. Hakuwa na haki ya kusema; ahadi haikuwa yake.

Mzee Abuu ndiye aliyeuliza. "Ziyad, mtoto wa Nasser. Ijumaa ile ulisemaje?"

Ziyad alitazama meli. Akatazama watu wote wale waliolowa, wengine wameshachukua sahani, wamezishikilia bila kula. Akauondoa mkono wa mjomba wake begani, taratibu, kwa adabu.

"Nilisema nilichosema," alijibu. "Baba yangu hakuwa na maneno mawili, na mimi ni mwanawe. Meli ni ya Mzee Pazi. Ninaomba jambo moja tu, jina la bibi yangu libaki."

"Litabaki," Pazi akasema.

Ziyad akala pilau pale ufukweni, amekaa kwenye mkeka, na mjomba wake pia alikula. Siku chache baadaye umiliki ulibadilishwa kwa utaratibu wote wa serikali, Ziyad akiwepo mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu. Nyumba ya Nasser na nyumba ya Pazi zinatembeleana mpaka leo, kwenye harusi na kwenye misiba.

Safari ya kwanza Khairiya ilipeleka madawati ya shule Pangani. Sabiha alikuwemo, na binti yao Adila. Nje ya Saadani Pazi alizima mashine, akapandisha matanga yote, na akasimama kwenye usukani wa meli yake mwenyewe, kofia nyuma ya kichwa, akimwimbia mkewe vibaya nyimbo za harusi. Aliiendesha hivyo mpaka maradhi yalipomshusha. Hakuna mzigo uliopotea mikononi mwake na hakuna baharia aliyemlilia haki yake. Alizikwa Mlingotini, na waliobeba jeneza lake walikuwa walewale walioshika kamba.

Sasa wapo wanaokuja kuuliza meli ni ya nani baada yake, nani kapewa na nani kanyimwa, na kama ni kweli binti ndiye atakayekuwa nahodha. Meli inasafiri. Warithi wa Pazi Majaliwa wanajulikana na sheria inawajua. Mengine ni ya ndani ya nyumba, na mjane wake hatayasema, si leo wala siku nyingine, hata aulizwe na nani.